Kodi ya boflo na kaburi la mfalme

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshafungua mlango wa nyuma wa duka la mikate ninakofanya kazi, hapa Saint-Denis, kaskazini mwa Paris. Ukitoka dukani ukakata kona mbili unalikuta kanisa kubwa walimozikwa wafalme wa Ufaransa, akiwemo Louis wa 16 na mkewe Marie Antoinette. Miaka yote niliyokaa huku nimelipita kanisa lile nikienda kazini. Juni 2024 ndiyo iliyonifanya niingie ndani nikasimame mbele ya yale makaburi.

Mwezi ule mama alinipigia simu kutoka Likoni, Mombasa. Hakusubiri hata shikamoo yangu. "Mwanangu, sasa wanataka kuitoza kodi mpaka boflo!" Mswada wa Fedha wa Kenya ulikuwa umependekeza mkate wa kawaida utozwe VAT ya asilimia 16. Mama huuza chai na boflo karibu na kivuko cha feri, na wateja wake ni vibarua wanaohesabu shilingi moja moja kabla ya kuketi. Pendekezo la mkate liliondolewa tarehe 18, lakini hasira ilikuwa imeshachacha. Jumanne ya tarehe 25 wabunge wakaupitisha mswada, vijana wakaingia Bungeni, risasi zikalia. Mdogo wangu siku hiyo alikuwa barabarani Mombasa, simu yake imezimwa, na mimi nauza mikate huku mikono inatetemeka. Jumatano Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Baadaye Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu watu wapatao 60 waliouawa katika maandamano ya msimu ule.

Husemwa kwamba njaa ndiyo huleta mapinduzi. Mimi sikubali. Njaa ya 1693 na 1694 iliua zaidi ya watu milioni moja hapa Ufaransa, na kiti cha Louis wa 14 hakikutikisika. Kwetu pia watu wamelala njaa miaka nenda miaka rudi bila kuvunja lango la mtu. Kinachomtoa mtu nyumbani ni kugundua kwamba mzigo ameubeba peke yake, kwamba aliye juu anayajua hayo, na kwamba hathubutu kuwagusa wale wasiobeba.

Tazama walivyokuwa Wafaransa kuelekea 1789. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 28. Makasisi na makabaila, ukiwajumlisha wote, hawakufika watatu katika kila mia, na hao ndio waliosamehewa kodi kuu ya zama zile, iliyoitwa taille. Mkulima aliilipa hiyo, akatoa fungu la kumi kwa kanisa, akampelekea mwinyi wa ardhi ada zake, na kwa miaka mingi akafanya shokoa ya kutengeneza barabara bila ujira. Kisha ikaja chumvi. Katika mikoa mingi ya kaskazini, kila mtu aliyetimiza miaka minane alilazimishwa kununua kiasi maalumu cha chumvi ya serikali kila mwaka, kwa bei waliyoipanga wao. Mtoto wa miaka minane! Sisi Wakenya tuna neno letu kwa hali hii: kuna wananchi na kuna wenyenchi.

Juu ya hayo kulikuwa na deni. Vita vya baharini na nchi kavu, hasa vile vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Waingereza, viliifanya serikali ikope bila kupumzika, hata kufikia 1788 karibu nusu ya matumizi yake yalikuwa ya kulipia madeni. Mkenya akifika hapo hahitaji kufafanuliwa. Nasi zaidi ya nusu ya kodi inayokusanywa huishia kwa wadai.

Julai 1788 mvua ya mawe iliharibu mashamba kuzunguka Paris, na majira ya baridi yaliyofuata mito iliganda, vinu vya kusaga nafaka vikasimama. Februari 1789 mkate wa takriban kilo mbili ulifika sous 14 na nusu, sarafu ndogo za zama zile, mjini Paris, na kibarua alipata sous 20 hadi 30 kwa siku. Mkate wa ukubwa huo naujua. Mwokaji wetu huuoka siku za mwisho wa wiki, na nikiubeba lazima nitumie mikono miwili. Lakini mtu wa kazi ya mjengo mwenye mke na watoto wanne anaumaliza siku hiyo hiyo, maana zama zile mkate ndio uliokuwa chakula chenyewe, kama sima kwetu. Nusu ya ujira au zaidi imekwenda hapo, na bado hujagusa kodi ya chumba, kuni wala viatu.

Je, mfalme alikuwa hajui? Alijua, tena vizuri, na hili ndilo linaloniuma kila nikilifikiria. Louis wa 16 hakuwa katili. Alikalia kiti mwaka 1774 akiwa na miaka 19, mtu wa kuwinda na kutengeneza kufuli kwa mikono yake, mwenye nia njema. Hata yale maneno ya "basi wale keki" anayosingiziwa mkewe hayana ushahidi. Alimteua Turgot kurekebisha fedha za nchi. Wakubwa wa ikulu walipopiga kelele, akamfukuza 1776. Akamleta Necker, naye akaondoka 1781. Akaja Calonne na pendekezo la wazi kabisa: kodi ya ardhi kwa wote, kabaila na kasisi wasisamehewe. Mwaka 1787 waliitwa Versailles, kwenye ikulu ya mfalme, wakubwa 144 waliridhie. Wakakataa, na aliyefukuzwa ni Calonne. Kila mara mfalme aliushika ukweli mkononi, na kila mara aliuachia pale rafiki zake waliponuna.

Ndiyo maana nasema utawala dhaifu ni hatari kuliko tunavyodhani. Tumezoea kumwogopa mtawala mkali. Dhaifu hutesa kwa namna yake: anamwacha mnyonge alipe kwa sababu kumwambia tajiri alipe kunamtia hofu. Mwishowe Louis aliwaita wawakilishi wa matabaka yote matatu mwezi Mei 1789, mkutano ambao haukuwahi kufanyika tangu 1614, kisha akajaribu kuwafungia mlango. Tarehe 11 Julai akamfukuza Necker, ambaye alikuwa amemrudisha mwaka mmoja tu nyuma. Siku tatu baadaye gereza la Bastille likaanguka mikononi mwa watu wa Paris. Ilikuwa Jumanne pia, kama ile ya vijana wetu Bungeni. Katika shajara ya mfalme siku hiyo limeandikwa neno moja tu, "hakuna", akimaanisha kwamba hakupata windo.

Tarehe 5 Oktoba akina mama wa masokoni walitembea kilomita 20 hivi kwenye mvua hadi Versailles, na kesho yake wakarudi Paris pamoja na mfalme na familia yake, wakiimba kwamba wamemleta mwokaji, mke wa mwokaji na mtoto wa mwokaji. Nikiisoma habari ya akina mama wale namwona mama yangu na birika lake la chai.

Nisije nikaonekana nimeipamba Ufaransa. Mkoa wetu wa Seine-Saint-Denis ndio maskini kuliko yote ya nchi hii ukiacha maeneo yake ya ng'ambo, na kuna wateja wangu wanaoomba nusu mkate. Mwaka 2018 serikali ilikuwa imewapunguzia matajiri kodi ya mali, kisha ikataka kuongeza kodi ya mafuta ya magari. Watu wa vijijini wakavaa vizibao vya njano wakafunga barabara kuanzia tarehe 17 Novemba, na kabla ya Krismasi nyongeza ile ilikuwa imefutwa. Angalia tena: mafuta peke yake yasingeleta moto ule. Yaliwekwa kando ya msamaha wa matajiri, na kila mtu akaona.

Tofauti ninayoiona kila mwisho wa mwezi iko kwenye hati yangu ya mshahara. Hunikata sana, mstari baada ya mstari. Lakini nilipojifungua, hospitali ya umma ilinipokea, nikatoa kadi yangu ya bima ya afya, nikarudi nyumbani na mtoto bila mtu kuniuliza pesa mlangoni. Kwa hiyo siichukii kodi. Nachukia kodi inayopanda ngazi moja tu kisha inaishiwa pumzi.

Vijana wa nyumbani wanaonitumia picha za gilotini, ile mashine ya kukata vichwa, nawaomba waendelee kusoma kurasa zinazofuata. Katika miezi ya Ugaidi, yaani utawala wa hofu wa wanamapinduzi wenyewe, 1793 hadi 1794, watu takriban 17,000 walihukumiwa kifo na mahakama za mapinduzi, na wengi wao hawakuwa makabaila. Miaka kumi baadaye nchi ilikuwa na mfalme wa wafalme, Napoleon, aliyekuwa amerudisha utumwa makoloni. Mwenzangu wa zamu ni mzaliwa wa Haiti, na hapendi nilisimulie jambo hili bila yao. Watumwa wa kwao waliinuka Agosti 1791, wakajikomboa 1804, na mwaka 1825 Ufaransa ikawadai faranga milioni 150 kwa kosa la kujikomboa. Hata aliyeshinda alilipishwa.

Damu ile ningependa isimwagike kwetu. Lakini maneno ya "vumilieni, fungeni mkanda" sitayatamka mbele ya mdogo wangu, kwa sababu waliopewa nafasi ya kuzuia si yeye. Walipewa walioko juu. Julai 2024 karibu baraza lote la mawaziri lilivunjwa, na wiki chache baadaye sura kadhaa zikarudi vitini. Kufikia Desemba baadhi ya kodi zilizokataliwa zilikuwa zimerudi katika sheria nyingine. Waliozika watoto wao wameyaona hayo yote. Anayetaka amani Kenya na aanze kwa wenye majumba, wenye mashamba yasiyolimwa na wenye zabuni za serikali, awaguse hao, na asirudi nyuma watakaponuna.

Wiki iliyopita mama aliugua presha, akapelekwa hospitali moja ya serikali. Mdogo wangu alinitumia picha ya risiti ya duka la dawa lililo nje ya geti: glavu jozi nne, sindano mbili, maji ya dripu, pamba. Chini yake, kwa maandishi madogo, jumla imeandikwa na kodi imo. Nimeichapisha nikaibandika ukutani jikoni, kando ya hati yangu ya mshahara wa mwezi huo huo.