Nani Kagusa Kopo Langu la Ndoana?

Wavuvi wenzangu wa Tanga, hivi haya yananipata mimi peke yangu? Saa kumi alfajiri, ngalawa inanisubiri Sahare, nami nimepiga magoti sebuleni, tochi mdomoni, nafumua mshipi! Mshipi niliouzungusha jana kwenye kibao, duru kwa duru. Leo umekuwa kiota cha kunguru. Nani kaugusa?

Kila kitu nilikipa pahala pake. Ndoana kubwa kopo la maziwa, ndogo kopo la majani ya chai. Anakuja mdogo wangu: "Kaka, niazime moja tu." Anairudisha imelowa maji ya chumvi, anaitupa humo humo pamoja na nzima, anafunika! Siku chache baadaye nafungua, nakuta kutu tupu. Ncha zimekufa, vitundu vimeziba, nyingine nimeivuta kidogo tu ikakatika kama kijiti cha kiberiti. Kwani maji ya bomba yako Zanzibar? Kuisuuza na kuianika ni dakika ngapi?

Na mara ngapi niseme ndoana namba 8 ni ndogo kuliko namba 4? Ukizichanganya, nikiwa baharini gizani nitazipapasa hadi lini?

Chubwi, vile vizito vya kuzamishia mshipi, ndiyo usiseme. Nilikuwa nazo sita kwenye soksi. Mbili sijui ziliko. Nne nimezikuta zimeshonewa kwenye pindo la pazia, eti lisipeperuke na upepo wa kusi!

Jamani, pazia na samaki changu, kipi tunakula?