Ng'ombe Aliyeganda kwa Dakika 40

Usiku wa kuamkia leo nilikaa kwenye kochi langu, blanketi magotini, nikimtazama ng'ombe wangu kwenye simu, kupitia kamera ya zizini, kwa muda wa dakika 40. Alikuwa amesimama kando ya hori, kichwa kimeelekea mlangoni, mkia umeinuka kidogo, naye hatikisiki. Nilimsifu kwa utulivu wake. Nilimwambia hata mama watoto, aliyekuwa anaingia na gambuti zinazodondosha matope kwenye saruji, kwamba ng'ombe wa gredi akitunzwa vyema huupokea hata uchungu wa kuzaa kwa adabu. Mama watoto akaniuliza ni ng'ombe wa nani huyo ninayemsifu, maana wetu alikuwa amekwisha kuzaa, ndama amekwisha kusimama, na kibarua alikuwa bombani ananawa mikono. Picha ilikuwa imeganda.

Sitaki nionekane mtu asiye na shukrani, kwa kuwa najua intaneti hii imetoka mbali. Mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilipitishwa chini ya bahari kutoka Fujairah hadi Mombasa, na ile ya SEACOM ikafika mwaka uo huo. Kutoka Mombasa intaneti yangu hupanda zaidi ya kilomita 600, ikapita Tsavo penye tembo na Nairobi penye mambo yake, ikateremka Bonde la Ufa, ikapanda tena hadi huku Njoro na kuingia sebuleni kwangu ikiwa bado na nguvu za ujana. Kisha inaombwa iende zizini, mita 220, tena mteremko mtupu, na hapo ndipo inapochoka.

Shamba langu ni ekari 4, lakini ni ekari 4 za urithi. Tulikuwa ndugu sita, na kila mmoja alitaka kichwa chake kiguse barabara na miguu yake iguse mto, kwa hiyo kila mmoja akapewa utepe wa upana wa mita 45 na urefu wa mita 360. Nyumba yangu iko barabarani. Zizi liko kule chini, na wezi wa ng'ombe, ambao kazi yao haihitaji intaneti, huingilia upande wa mto.

Mwanzoni niliitegemea rauta yenyewe. Mwezi Januari, mahindi yakiwa yamevunwa, mawimbi yalifika hadi kwenye migomba na mimi nikatembea shambani kama mkurugenzi, simu mkononi. Sasa ni Julai, mahindi yangu ya H614 yamenizidi kimo, na mawimbi yanaishia kwenye kamba ya nguo. Jani bichi la mahindi ni maji yaliyosimama wima, na maji huyanywa mawimbi ya waifai bila haya. Ndiyo kusema Julai sina unga wala mtandao.

Nilinunua ripita, kifaa cha kuyapokea mawimbi na kuyarusha mbele, nikaiweka katikati ya njia, kwenye nyumba ya kuku. Kifaa hicho kina redio moja tu, kwa hiyo hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, na kasi ikarudi nusu. Hiyo nusu nayo haikutoka nje, kwa sababu nyumba ya kuku ni mabati pande zote na mabati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Kwa wiki tatu kuku wangu walikuwa na intaneti nzuri kuliko mwalimu mkuu yeyote wa tarafa hii. Mpwa wangu akafukia kebo ya intaneti hadi zizini. Baadaye nilisoma kwamba kebo ya aina ile mwisho wake ni mita 100, lakini hatukupata nafasi ya kuuhakikisha ukweli huo, kwa kuwa fuko walikuwa wamemaliza viazi na wakaanza kebo. Kijana wangu aliye Nairobi, ambaye hutatua matatizo yote kwa simu, alinishauri nichukue Starlink, intaneti ya setilaiti, ambayo iko Kenya tangu mwaka 2023. Nilimweleza kwa upole kwamba hata intaneti ikishuka kutoka mbinguni, itashukia paani kwangu, na kutoka paani hadi zizini ni mita 220 zilezile.

Leo asubuhi, basi, nikamwita fundi. Alikuja na koti la rangi ya machungwa, begi zito, na hakuwa na ngazi. (Nimestaafu ualimu, nimejenga mara mbili, na sijawahi kumwona fundi wa mambo ya juu mwenye ngazi yake.) Nikaazima ya kanisa. Alipanda paani, akakunja uso, akashuka, akasema dawa ni antena mbili, moja hapa nyumbani na nyingine kwenye mlingoti pale zizini, zitazamane kama wachumba, pasiwe na kitu katikati yao. Katikati yao palikuwa na mkaratusi wa mzee jirani yangu. Utepe wangu umepinda kidogo kama kiwiko, kwa sababu zake sorovea aliyekuwa na haraka, na pale kwenye kiwiko tawi moja nene la mzee linaning'inia juu ya mahindi yangu mahali hasa panapotakiwa kupita mawimbi.

Tulimkuta mzee barazani, na kwa kuwa kwa mzee hakuna neno linalosemwa kabla ya chai, tulikunywa chai. Tulizungumza mvua, tukazungumza bei ya maziwa, tukaizungumza mvua tena. Saa nzima ilikwisha kabla sijasema nilichokijia.

"Kwa hivyo, mwalimu," akasema mzee, "unataka nikate mti wangu ili ng'ombe wako apite."

"Si mti, mzee, ni tawi. Na si ng'ombe, ni picha yake."

"Picha ya ng'ombe inapita hapa, juu ya mahindi?"

"Ndiyo, mzee."

Alilitazama tawi kwa muda mrefu. "Sasa hivi imefika wapi?"

"Sasa hivi haipiti, babu," fundi akadakia, "kwa sababu tawi limeizuia."

"Basi tawi langu linafanya kazi," mzee akasema, akaomba aongezewe chai.

Akatuonyesha kando ya tawi, akasema pale pana nafasi ya kupitisha hata mkokoteni wa punda, seuze picha. Hapo fundi, ambaye ningemlipa zaidi kwa kunyamaza, akaanza kumweleza mzee kwamba mawimbi hayapiti kama uzi. Yakiwa kati ya antena mbili hufura, alisema, na kwa umbali ule wa mita 220 yatakuwa yamefura katikati kiasi cha mita 1.7 kila upande, kama chatu aliyemeza mbuzi. Nilimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

"Mama!" mzee akaita jikoni. "Njoo umsikie mwalimu. Analeta chatu."

Ilinibidi nimwapie mama wa watu, nikiwa nimevua kofia, kwamba hakuna chatu, hakukuwa na chatu na hakutakuwa na chatu. Mzee, ambaye ni mtu wa mapatano, akatoa shauri lake: kwa kuwa tunatafuta mahali pa juu, tuifunge antena kwenye kilele cha mkaratusi, bure, wala hatatudai kodi. Ulikuwa ukarimu mkubwa, na mimi nilikuwa tayari kuupokea nirudi nyumbani. Lakini fundi akasema haiwezekani, mti huyumba upepo ukivuma, na antena ikipinduka hata kidogo haitaonana tena na mwenzake.

"Mti wangu unayumba?"

"Kidogo tu, babu. Jioni, hasa."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mwalimu, umemleta mtoto huyu hadi kwangu aje aniambie kwamba mti wangu ni mlevi?"

Nakiri kwamba hapo heshima yote niliyotoka nayo nyumbani iliniponyoka. Nilisimama nikasema kwa sauti ya darasani kwamba mimi nalipa kila mwezi, nalipa stima ikiwepo na nalipa isipokuwepo, nimelisha kuku intaneti na fuko kebo, na usiku huu huu nimemtazama ng'ombe aliyeganda kwa dakika 40 nikimpongeza, huku ndama anazaliwa gizani mimi mwenyewe sijui!

"Ulikuwa unamtazamia wapi?" mzee akauliza, safari hii kwa huruma kabisa. "Mimi nilikuwa papa hapa. Alilia mara mbili, nikampigia kibarua wako mbinja, akakimbia na tochi. Wewe nilikupigia simu, nikaambiwa mteja hapatikani."

Nilikuwa nimeifunga laini ya simu na kubakiza waifai peke yake, ili mtandao wa sebuleni ukikatika simu isije ikarukia bando langu na kulimaliza. Hilo sikumweleza mzee.

Uamuzi uliofikiwa ni kwamba tawi litakatwa, ila si sasa. Mkaratusi huo umewekewa akiba uuzwe uwe nguzo ya stima, na nguzo yenye jeraha la panga hairudishi hata nauli ya kuipeleka sokoni, kwa hiyo tawi litatolewa kwa msumeno, na mwenye msumeno ni mwanawe wa kwanza, na mwanawe wa kwanza huja Krismasi. Wakati huo mahindi yatakuwa ghalani na mawimbi yatakuwa yamefika migombani yenyewe bila msaada wa mtu. Fundi naye amechukua nauli, pesa za kuangalia, na pesa za muda aliopoteza akinywa chai ya watu.

Na ngazi tuliisahau. Fundi alikuwa ameiegemeza kwenye mkaratusi alipokwenda kupima kimo cha tawi, nasi tukaondoka kwa hasira. Nilipoirudia saa kumi na mbili jioni nilikuta kuku saba wa mzee wamekwisha kulala juu yake, kila mmoja kwenye kipandio chake, jogoo juu kabisa, na mama akatoka jikoni kunisihi nisiwaamshe kwa sababu mmoja wao ameanza kutaga juzi tu. Kanisa wanaitaka ngazi yao Jumamosi asubuhi, nami ndiye niliyetia sahihi.