Gari ya stima Nairobi: usiulize bei kwanza, uliza italala wapi

Kila nikipiga simu nyumbani siku hizi lazima mtu aniulize kuhusu gari ya stima. Nawaelewa, petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita Nairobi mwaka wa 2023 na hata ikishuka baadaye watu hawajasahau ile miezi, na kwa sababu mimi naendesha Nissan Leaf, gari ya stima, huku Leeds Uingereza wanataka niseme tu ni nzuri ama ni mbaya. Mimi huwarudishia swali, hiyo gari italala wapi? Uko kwa kompaundi yako ama uko flati ghorofa ya sita na parking ni ya kugombania? Ukishanijibu hapo ndio tutaongea bei.

Na si Kenya peke yake. Watu wa nyumbani wanadhani huku majuu kila mtu ana garaji na chaja ukutani. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, nazunguka mlango kwa mlango kuanzia alfajiri, na nimepanga Harehills kwa zile nyumba za zamani za matofali zilizojengwa mgongo kwa mgongo, ukifungua mlango uko barabarani. Chaja nitaweka wapi? Nikipitisha waya dirishani ivuke njia ya wanaotembea, mzee akijikwaa hapo ni mimi nitajibu. Mwenzangu wa kazi yeye ana nafasi ya gari mbele ya nyumba yake, amejiunga na mpango wa stima ya usiku analipa kama peni 7 ama 8 kwa yuniti (yaani kilowati moja kwa saa moja), mimi kwa zile chaja za haraka za nje ni karibu peni 80. Kazi ni moja, mshahara ni mmoja, gari ni aina moja. Na serikali inaongezea hapo hapo, stima ya nyumbani inatozwa VAT ya asilimia 5 lakini ya chaja ya barabarani ni asilimia 20. Piga hesabu, Leaf inakula kama yuniti 16 kwa kilomita 100, yeye anatumia pauni moja na kitu, mimi nikitumia chaja ya haraka ni karibu pauni 13, na gari ndogo ya petroli ingetumia kama 9. Yaani asiye na pahali pa kuegesha analipa kuliko hata mtu wa petroli. Kinachoniokoa ni zile chaja za polepole ambazo bei yake iko katikati, naiacha gari hapo nakuja nyumbani kwa miguu, na usiku wa Januari hiyo si raha.

Sasa kinachoniuma ni kwamba Nairobi ingezifaa hizi gari kuliko huku. Huku baridi ikiingia betri inapoteza umbali mwingi, halafu hita nayo inakula kutoka kwa betri hiyo hiyo, na huwezi kuizima madirisha yakishika ukungu. Nairobi hata Julai baridi yetu ni ya koti tu. Halafu tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini ya petroli isiyo na turbo inakosa pumzi lakini mota ya stima haijui hata iko mlimani. Jam ya Mombasa Road ambayo inamaliza mafuta ukiwa umesimama, gari ya stima ikisimama haitumii kitu cha maana. Ukiteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu ile breki inarudisha chaji kwa betri (ukirudi juu utailipa, hiyo pia ujue). Na stima yenyewe, karibu asilimia 90 ya ile tunayozalisha wenyewe inatoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Tana, upepo wa kule Ziwa Turkana na jua, wakati mafuta yote tunayotumia tunaagiza nje kwa dola. Mvuke wa Olkaria haulali, saa nane usiku bado unatoka na watu wamezima taa. Ndio maana tangu 2023 kuna bei maalum ya kuchaji magari, iliyoanza na shilingi 16 kwa yuniti na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na zile tozo zingine, ila inataka mita yake.

Hata bila hiyo bei maalum, tuseme unanunua tokeni ya kawaida na ukijumlisha kila kitu yuniti inakufikia shilingi 30. Kilomita 100 ni shilingi 480. Toyota Fielder ya petroli inayoenda kilomita 12 kwa lita, na lita tuseme ni 180, hiyo ni 1,500. Na chaja kubwa huhitaji, hapa ndio watu wanadanganywa. Soketi ya kawaida ya pini tatu inatoa kilowati 2 na kitu, chomeka saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi umeingiza yuniti kama 20, zaidi ya kilomita 100, na mtu wa kwenda kazini na kurudi hafikishi hizo kwa siku. Lakini isiwe extension ya mtaani tafadhali. Waya itabeba mzigo mkubwa saa kumi mfululizo bila kupumzika, hiyo ya bei rahisi inayeyuka, nyumba inaungua. Ita fundi wa stima mwenye leseni, waya nene ya peke yake, swichi yake ya kukata, na waya ya ardhini ambayo kweli imefika ardhini.

Mambo ya stima kupotea yanatajwa sana na mimi nayaona madogo. Ile Agosti ya 2023 nchi nzima ilipoingia giza ilikuwa mbaya, lakini betri iliyojaa inakupeleka kazini siku kadhaa.

Kununua ndio kuna mitego. Ushuru wa bidhaa kwa gari za stima ulishuka kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka wa 2019, hiyo ni sawa, lakini gari ya mtumba inaruhusiwa kuingia Kenya ikiwa haijapita miaka 8, na kampuni nyingi zinaipa betri waranti ya miaka 8 hiyo hiyo. Yaani unaipokea Mombasa siku ambazo waranti inaisha, na ilikuwa ya Japani hata hivyo. Betri ya hizi Leaf za mtumba haipozwi kwa maji, inategemea hewa tu, kwa hivyo iliyochajiwa kwa kasi kila siku na iliyolala kwa mtu mpole hazifanani hata kama zina mwaka mmoja. Kwa dashibodi kuna vimstari 12 vya afya ya betri, usilipe kabla hujaviona, na ukiweza muuzaji aunganishe kile kidude cha kusoma betri kwa simu akutumie picha. Uliza pia plagi ya kuchaji haraka ni ya aina gani, ya Japani haifanani na ya Ulaya wala ya Uchina. Leaf ya betri ya yuniti 40 ikiwa na afya itakupa kama kilomita 230 za ukweli. Nairobi hadi Mombasa ni 480. Krismasi ya kwenda ocha, yaani kijijini, panda basi ama ukodishe gari nyingine, usijitese.

Turudi kwa kulala. Ndugu yangu mdogo anaendesha teksi ya app na anakaa Pipeline kule Embakasi. Wanaokaa Pipeline wanajua, ghorofa zimebanana mpaka jua halifiki chini, gari analaza kwa uwanja wa kulipia, mlinzi na taa moja. Anataka Leaf sana na hesabu yake ya mafuta ni sahihi kabisa, na bado nimemwambia asubiri. Akitegemea chaja ya mall atakaa hapo saa za kazi akingoja, na bei si ile ya tokeni. Jamaa wa Runda, mtaa wa matajiri wenye kompaundi zao, ndiye atafurahia gari ya stima, na yeye hata petroli haikuwa inamsumbua.

Angalia wale waliofanikiwa Nairobi. Watu wa boda za stima wanabadilisha betri dakika chache wanaondoka, hakuna anayeulizwa anaishi wapi. Mabasi ya stima ya kampuni ya BasiGo yanachajiwa usiku kwa yadi. Pote hapo shida ya soketi imetolewa kwa mwenye kuendesha. Gari ndogo ndio imeachiwa mtu binafsi.

Kwa hivyo pesa za kuweka chaja za kumeremeta kwa mall mimi ningezipeleka kwa viwanja vya kulaza magari Embakasi, Kayole, Roysambu, Ruaka. Landlodi ama mwenye uwanja aombe mita moja ya ile bei ya magari, aweke soketi kumi za kawaida ukutani, kila moja na mita ndogo ya tokeni, mpangaji anunue zake kwa simu. Hata akiongeza shilingi 10 juu ya kila yuniti, ndugu yangu bado atakuwa analipa chini ya nusu ya petroli, na mwenye uwanja anakula faida usiku wote.