Nani anakukimbiza, mama?

Morogoro wanauita mji kasoro bahari. Sawa, bahari hatuna, lakini hii milima ya Uluguru iliyotukalia kichwani nani aliiomba? Ukifungua mlango unakutana nayo, na mvua yake inashuka saa ileile umemaliza kuanika nguo. Miaka yote nimeishi nayo hivyo, kila mtu na shughuli zake, mpaka nesi wa nyumba ya tatu akaniambia, "Twende tukakimbie mlimani." Mimi! Mwanamke ambaye kufika saa mbili asubuhi nimeshakimbizana na gari la shule, muuza mkaa na luku inayolia ukutani!

Nilikubali kwa sababu moja tu: mlimani hakuna wa kuniita. Kwangu neno "mama" linatamkwa kuliko salamu. Mama, soksi. Mama, daftari limeisha, na anakwambia gari la shule limeshapiga honi. Mama, mdogo wangu ameingiza punje ya mahindi puani. Baba yao naye, mtu mzima na ndevu zake, anauliza shati lake la bluu liko wapi. Amelivaa. Chooni ndiyo usiseme, nikifunga tu mlango vidole vinapenya kwa chini.

Kutoka nyumbani ni kazi. Saa kumi na moja alfajiri nanyata, raba mkononi. Raba zenyewe za mtumba, ya kushoto imepauka kuliko ya kulia, ila zina meno. Suruali ya kubana naifunika na khanga, maana muda huo wazee wanatoka msikitini na sitaki kuwaharibia swala. Khanga imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Niliinunua kwa mambo mengine kabisa, lakini ukinitazama kwa nyuma nikiwa napanda kilima, hakuna maandishi yaliyowahi kukaa mahali pake namna ile.

Mtaani kwetu mwanamke mzima akionekana anakimbia gizani, ama kuna msiba, ama kuna mwizi, ama basi la Dar linamwacha. "Nani anakukimbiza, mama?" Mmoja alishaanza kutafuta fimbo anisaidie. Na vijana wa bodaboda hawakati tamaa.

"Mama, panda, buku tu nakufikisha."

"Wapi?"

"Kwani unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nakimbia, halafu narudi."

Akafikiri. "Basi panda, nikupeleke na kukurudisha."

Ukimaliza lami unaanza udongo mwekundu, njia ya kupanda Morningside, lile jengo la zamani la enzi za Mjerumani. Mjerumani naye, na tambarare yote iliyokuwepo, akaona ajenge huko. Masika njia inateleza, hatua moja mbele, mbili unarudi kusalimia ulikotoka. Na hapo ndipo unapokutana na kinamama wa Kiluguru wanashusha mzigo sokoni: karoti, kabichi, njegere, ndizi, tenga kichwani na kandambili miguuni. Hawatelezi. Hawahemi. Wanapiga soga. Mimi na raba zangu zenye meno nimekumbatia mti.

Bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alisimama nimsalimie. Nikaanza "shika", hiyo "moo" ikatoka baadaye sana. Akaitikia marahaba, akatuuliza tunakwenda kuchukua nini huko juu.

"Hatuchukui kitu, bibi."

"Mnapeleka nini?"

"Hatupeleki."

Akatutazama mmoja mmoja. Kwa Waluguru ardhi inapita kwenye ukoo wa mama, kwa hiyo huenda alikuwa anatuhoji kwenye shamba lake mwenyewe, na haki anayo. Akasema poleni, akaendelea kushuka. Ile pole haikuwa ya mazoezi.

Sasa malalamiko yangu makubwa ni haya. Nilipanda huko nipate ukimya. Nesi akamleta mwalimu wa hesabu. Mwalimu akamleta mama anayeuza chapati. Na hawa watu wanaongea! Pumzi hakuna, lakini umbea upo. Mama chapati anaanza, "Wifi yangu jana..." anavuta pumzi, "...akaingia jikoni kwangu..." anavuta pumzi, mteremko unafika, wote tunashuka kwa kasi kila mtu na roho yake, na wifi bado yumo jikoni. Nimewahi kupanda kilima kizima ambacho nisingekipanda hata kwa kulipwa, nijue tu wifi alifunua sufuria gani.

Nesi akitoka zamu ya usiku anakuja moja kwa moja na anatembea amelala. Kweli kabisa, macho kayafumba, tunamshika khanga kwenye kona. Mwalimu anapiga mahesabu ya michango ya harusi kwa sauti, anagawa kwa mishahara yetu, tunasikitika kwa pamoja. Wao wana mbio, mimi nina busara: wakinitangulia nakaa kwenye jiwe na kutangaza "aliye juu mngoje chini". Na wanashuka kunifuata, wananitukana, wananivuta mkono. Kuna kijito tunanawa uso. Maji ya milima hii ndiyo yanayoingia mto Ruvu na kwenda kunywewa Dar es Salaam. Wao wanaoga, mimi bomba langu linakohoa, nanawia huku mita chache kutoka chanzo niwawahi.

Siku mwalimu alipoteguka mguu tulimfunga na ile khanga yangu ya tamaa sikati. Tukashuka naye tumemshika huku na huku, na mama mmoja mwenye tenga akapunguza mwendo makusudi, akawa anatuonyesha mahali pa kukanyaga. Tulipofika chini alikuwa ametuuzia ndizi zote. Mwalimu analia, anacheka, anadai chenji.

Nyumbani nako nimepata kocha. Tangu Alphonce Simbu achukue ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo mwaka 2025, kwa kumzidi mwenzake sekunde 0.03, mume wangu ni mtaalamu. Yuko kitandani, shuka mpaka kidevuni, ananiambia siri ni kumalizia kwa kifua. Nikirudi nimelowa matope, naimba, anauliza huko mlimani kuna nini hasa. Kuna nini! Kuna miiba, kuna siafu, kuna mwalimu anayekumbuka kila shilingi unayodaiwa.

Na sasa wenzangu wanataka Bondwa, kile kilele chenye minara, kinapita mita 2,100, na mji wetu uko kwenye 500 hivi. Huko ni hifadhi ya msitu, kuna kibali na kiingilio, yaani nitoe hela yangu ili niteseke kihalali. Kuondoka saa kumi usiku. Nimelalamika jioni nzima, huku nachemsha mayai ya njia na kuficha karanga watoto wasizione.

Mume wangu akaja jikoni, akaegemea mlango. "Hivi na mimi nikija?"

Nikamwambia hakuna nafasi.

"Mlima mzima ule?"

"Umejaa."