Land Rover 109 ya urithi: kuifufua au kuibadilisha?

Rafiki yangu wa Karatu na kaka yake hawaongei vizuri tangu arobaini ya baba yao. Shamba lilishagawanywa bila kelele. Kinachowagombanisha ni Land Rover 109 ya pikapu, Series III ya 1978, iliyolala chini ya mparachichi, matairi hayana upepo na kuku wanatagia nyuma. Mdogo anataka irudi kama ilivyotoka kiwandani Solihull. Kaka anataka injini ing'olewe, ifungwe injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L pamoja na pawa stering, gari lianze kubeba vitunguu vya Mang'ola.

Kaka ana hoja nzito. Dizeli iliyomo sasa, ya cc 2,286, ina nguvu za farasi 62 hivi. Ipakie tani ya vitunguu Mang'ola uone inavyopanda kuja Karatu: gia ya pili, moshi, na dereva anayeomba Mungu. Ukiteremka Mto wa Mbu kwenda Arusha ndiyo unakumbuka kwamba breki ni za dramu magurudumu yote manne. Spea zake nyingi zinaagizwa nje, wakati 3L imefungwa kwenye Hiace na Hilux miaka mingi kiasi kwamba fundi wa kijiweni anaifungua huku anapiga soga.

Mdogo naye hasemi kwa machozi tu. Ulaya na Marekani wapo wanaozisaka gari hizi, na wanauliza kwanza kama hazijaguswa. Uingereza, gari lililopita miaka 40 linasamehewa ukaguzi wa kila mwaka, ilimradi halijabadilishwa sana ndani ya miaka 30. Halafu kuna makaratasi: ukibadili injini, namba yake kwenye kadi ya gari lazima irekebishwe TRA, mamlaka ya mapato, na kadi yenyewe bado ina jina la marehemu. Bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hakuna anayeweza kuhamisha umiliki wake. Nilishangaa kukuta fundi ameshaitwa kabla ya hakimu.

Ila wote wawili walikuwa wanatazama boneti. Mimi nililala chini na nyundo ndogo. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, kwa sababu ilipozinduliwa 1948 chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Chesisi ni chuma, na kutu huila kutokea ndani. Mbele iliitika ngaa, kama kengele. Nyuma, karibu na mshikio wa springi, ililia kama kopo la biskuti, ikanimwagia unga mwekundu usoni. Hela ya kwanza inakwenda hapo, ashinde nani.

Nikamuuliza mdogo: orijino ya lini? Baba yao alichomelea bomba za turubai mwenyewe. Kile kirungu cha njano kinachoingiza magurudumu ya mbele kazini kilipotea zamani, akachonga kingine cha mzeituni, kimeng'aa kwa kiganja chake. Solihull hawakutoa gari la namna hiyo. Ukilirudisha kama lilivyotoka kiwandani, hicho kinatupwa. Hakunijibu, alikishika tu akakizungusha.

Kipimo changu ni grenda. Kilichofungwa kwa bolti kesho kinafunguliwa. Chesisi ikikatwa ili 3L ikae, pamoja na adapta ya kuiunganisha na giaboksi, kurudi nyuma ni ndoto. Kwa hiyo ningeuza wazo la tatu: 200Tdi, dizeli ya Land Rover wenyewe iliyotoka 1989. Ni ya ukoo huohuo wa injini, inashikana na giaboksi ya zamani bila adapta, na ina nguvu za farasi zaidi ya 100. Siyo tiba ya kila kitu. Giaboksi ile ilitengenezwa kwa injini dhaifu, ukiikanyaga kwa hasira itapasuka. Na kwa difu za 4.7 (shafti huzunguka mara 4.7 gurudumu lizunguke mara moja) injini itapiga kelele barabara ya lami kabla hujafika kilomita 90 kwa saa. Lakini itabeba vitunguu, na mafundi wa Arusha wanaohudumia gari za safari wanazijua Tdi.

Kirungu cha mzeituni kibaki. Injini ya zamani ipakwe grisi, matundu yazibwe, iwekwe stoo, mtu akija kuitaka siku moja iwepo. Mdogo alikubali harakaharaka. Kaka akauliza itakaa wapi, maana stoo ni ya vitunguu.