Ndimu Yangu na Safari ya Kaisari

Nilipokuwa nikiishi London nilinunua, kwa paundi 20, sarafu ya Kirumi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ambayo muuzaji, mzee mpole, aliitoa kwenye bahasha kwa kibanio kana kwamba ni jino la mtoto wake. Upande mmoja palikuwa na kichwa kilichojitanda shuka, nami nikasema, kwa sauti ya mjuzi, kwamba malkia huyu alijaliwa pua. Mzee akanieleza taratibu kwamba huyo ni Kaisari Constantinus, aliyefariki Mei 337, na kwamba wanawe ndio waliotoa sarafu hizi za kumkumbuka, zenye herufi DV, yaani aliyefanywa mungu, ingawa marehemu alikuwa amebatizwa muda mfupi kabla ya kufa. (Warithi wana mambo yao.) Upande wa pili anapaa kwa gari la farasi wanne, na mkono unashuka kutoka mbinguni kumpokea.

Mimi mkono sikuuona, kwa kuwa sarafu nzima ilifunikwa na utando wa kijani. Mzee aliniambia nisiisafishe. Nadhani aliniambia mara mbili. Lakini mimi nimelelewa Lamu, ambako kila Ramadhani ilipokaribia bibi alinikabidhi masinia ya shaba, ndimu na jivu, nami nikayasugua mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Mtu wa London angenifundisha nini juu ya shaba?

Nikakamua ndimu mbili katika kikombe, nikaitumbukiza sarafu, nikala, nikalala. Asubuhi maji yalikuwa ya kijani, na baada ya kuisugua kwa chumvi, maana jivu halikupatikana, nilibaki na kitu chekundu kinachong'aa mfano wa kifungo cha koti. Ndipo nilipojifunza kwamba shaba iliyokaa ardhini karne nyingi hugeuka kutu juu juu, na sura na maandishi hubaki katika kutu hiyo hiyo. Kaisari hakuwa chini ya utando. Kaisari ndiye aliyekuwa utando. Farasi wote wanne walikuwa wamekwenda, na gari lao, isipokuwa ule mkono, ambao sasa ulionekana vizuri pembeni, umenyooshwa, ukimpokea hewa.

Nilimwonyesha mama kwenye simu.

"Mashallah, imetakata," akasema. "Na huyu anayeomba, umempa chochote?"