Printa yangu iko wapi?

Jamani, hii orodha ya printa kwenye seva ya pamoja, yaani kompyuta kuu tunayoingia wote kwa mtandao, inachosha. Seva iko Arusha, sisi tuko Moshi. Mteja yuko kaunta anasubiri ankara yake, nikitaka kuchapa naletewa printa za Arusha zote, hadi ya stoo. Ukichagua vibaya, ankara ya mtu inatokea mkoa mwingine, na bei zake zote!

Kinachoudhi ni kwamba nafuu ipo. Windows Server, programu inayoendesha seva, ina mpangilio unaoruhusu printa moja tu, ile kuu ya kompyuta yako, ikufuate unapoingia. Wahusika wa seva tukiwaambia wanajibu, “Toka, uingie tena.” Ukiingia tena, namba ya kikao, ile unayopewa kila ukiingia, imebadilika, na jina la printa lenye namba hiyo limebadilika nayo. Unaanza kuitafuta upya, foleni inarefuka.